Amjuaye Mdudu Huulinda Mti

Mhadhara kwa wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa

 

Mada yangu jioni hii ni mdudu anayeliwa. Ni mdudu wa jamaa moja na kunguni, mwenye harufu kali ya kujikinga, na makao yake ni kusini mwa Afrika. Ukimtafuta kuanzia Nyali hadi Likoni humpati. Nimemchagua hata hivyo, kwa sababu watu wanaomla wamefanya jambo ambalo sisi wa pwani tunalihitaji mno: wameulinda msitu kwa kumjua mdudu mmoja barabara. Hoja yangu ni hiyo tu, na mengine yote nitakayoyasema ni ushahidi wake. Amjuaye mdudu huulinda mti wake. Asiyemjua huukata mti asijue amekata na nini.

Kwanza niweke wazi jambo moja, maana najua nazungumza wapi. Sikuja kumshawishi mtu ale kisichokuwa halali kwake. Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu hayo mdudu aliyehalalishwa waziwazi ni nzige. Imepokewa kutoka kwa masahaba kwamba walikuwa wakimla katika safari za vita pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie. Wadudu wengine wamehesabiwa katika vitu ambavyo nafsi njema huvikataa. Wanazuoni wa Kimaliki wamelifungua suala hili kwa upana zaidi, na fatwa nawaachia wenyewe. Ninachoomba kwenu ni heshima kwa chakula cha jirani, na usikivu kwa elimu iliyomo ndani yake.

Jirani huyo hayuko mbali. Katika mji huu wamo ndugu zetu kutoka magharibi mwa Kenya, ambao mvua ikinyesha huwakumbuka kumbikumbi wa kwao. Wamo waliotoka Bukoba na Uganda, ambao senene kwao ni kitoweo, tena ni zawadi ya heshima. Nasi tunacho chetu. Mgeni akiingia Marikiti kwa mara ya kwanza, akawakuta papa wakavu na ng'onda wamepangwa mezani, huziba pua akapita mbio. Sisi pale pale twaona mchuzi wa nazi, ukwaju na wali. Tumelelewa na harufu ile, basi haitutishi.

Mdudu mwenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Encosternum delegorguei. Aliyemweleza katika vitabu ni Maximilian Spinola, mtaalamu wa wadudu wa Italia, katikati ya karne ya 19, na jina hilo la pili linamkumbuka Adulphe Delegorgue, Mfaransa aliyezunguka Natal na nchi za jirani akiwinda na kukusanya viumbe, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830. Wenyeji walikuwa wakimjua na kumla kabla ya hapo. Washona wa Zimbabwe humwita harurwa. Wavenda wa kaskazini mwa Afrika Kusini humwita thongolifha. Mimi nitamwita harurwa, kwani nitakaa zaidi upande wa Zimbabwe.

Harurwa ana urefu wa takriban sentimita mbili na nusu. Mwili wake ni mpana na bapa, rangi yake kijani kinachoelekea manjano, na mdomo wake ni mrija mwembamba wa kufyonza utomvu wa mimea. Anaishi katika nyika zenye miti, mahali pasipo msitu mnene wala jangwa: mashariki na kaskazini mwa Afrika Kusini, Eswatini, Zimbabwe, Msumbiji, Malawi, Botswana na Namibia.

Mwaka wake una sehemu mbili. Msimu wa joto na mvua hutawanyika mitini, hula na kutaga mayai. Baridi ya kusini inapoanza kuingia, kama Aprili au Mei, huacha kuzaana. Hapo hukusanyika kwa maelfu, wakashikamana matawini fungu kwa fungu, wakaishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini wakati wa neema. Katika miezi hiyo ya baridi amenona, ametulia, na yuko pamoja na wenzake. Msimu wa kumvuna ndio huo.

Silaha yake ni harufu. Kifuani ana tezi zenye majimaji makali, na akishtushwa huyarusha. Majimaji hayo yakiingia jichoni huuma vibaya hata mtu asione kwa muda, na mikono ya wavunaji hubaki na madoa ya rangi ya kahawia isiyotoka upesi. Ndege na mijusi wengi hawamtaki. Binadamu ndiye aliyekaa akafikiri namna ya kuipita silaha ile.

Elimu ya mikono

Hapa nawaomba tutazame kwa karibu, kwa sababu kazi hii haina mchezo.

Wavunaji hutoka kabla jua halijachomoza. Baridi ya alfajiri huwa imewafisha ganzi harurwa, hawawezi kuruka. Huchumwa au hupukutishwa matawini, wakatiwa ndani ya mifuko na kupelekwa nyumbani wakiwa hai. Neno hilo, hai, lishikeni.

Nyumbani huwekwa ndani ya ndoo, na juu yao humiminwa maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka. Mpishi huwakoroga kwa mwiko. Wadudu wakiguswa na joto lile hushtuka na kumwaga sumu yao yote majini, na mvuke unaopanda ni mkali, hivyo mpishi hugeuza uso pembeni huku mkono ukiendelea kukoroga. Maji humwagwa, mengine ya uvuguvugu hutiwa, na kazi hurudiwa mpaka harufu iishe. Baada ya hapo ndipo huchemshwa vizuri, wakatiwa chumvi, wakakaangwa au wakaanikwa juani. Huliwa kwa ugali, au hutafunwa vivi hivi kama kitafunio.

Wavenda wana njia nyingine. Humshika thongolifha aliye hai, humkata kichwa kwa vidole, kisha humkamua mwili mpaka tezi itoke, wakaifuta na kuitupa. Ni kazi ya mmoja mmoja, inayotaka subira, na mtu aliyeizoea huifanya upesi ajabu.

Njia zote mbili zina sharti moja: mdudu awe hai anapoandaliwa. Aliyekufa njiani hakumwaga kitu. Sumu yote imebaki ndani yake. Akipikwa, tumbo lake hugeuka jeusi na nyama yake huwa chungu. Kwa hiyo baada ya kuwachemsha, mpishi huwageuza chali na kuwachambua, mwenye weusi tumboni akatupwa. Mzigo usiochambuliwa hauna thamani sokoni, na muuzaji aliyeuza wachungu mara moja hupoteza wateja wake.

Elimu hii haikuandikwa kitabuni na aliyeivumbua. Iliishi katika mikono ya mama na bibi, ikapita kwa binti na mjukuu. Ndani yake mna kemia, mna majira ya mwaka, mna usafi wa chakula. Sisi tunaosoma tuna deni la kuiita elimu kwa jina lake.

Faida na hatari

Wanasayansi walipompima walikuta wenyeji hawakukosea. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2007 uliona kwamba katika gramu 100 za harurwa mkavu mna takriban gramu 35 za protini na gramu 50 za mafuta. Kwa familia ya kijijini ambayo nyama ni ya sikukuu, hicho ni chakula cha maana, na kinakuja wakati wa baridi na ukavu, mboga zinapoadimika.

Wakenya wana mkono katika utafiti huu. Nairobi kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka 2016 watafiti wa kituo hicho, wakishirikiana na Robert Musundire wa Zimbabwe, walichapisha uchunguzi juu ya harurwa. Walithibitisha wingi wa virutubisho vyake, lakini walikuta jambo la kutahadharisha. Harurwa waliohifadhiwa katika vikapu na magunia yaliyokuwa yakitumika kwa nafaka walikuwa na sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Waliohifadhiwa katika mifuko safi ya kufungika hawakuonekana kuwa nayo.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa sumukuvu ni nini. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwagonjesha watu 317 waliotambuliwa, na 125 kati yao wakafariki. Basi kwa harurwa nako, kosa halikuwa la mdudu. Lilikuwa la gunia. Mkono ulioijua kazi ya kutoa sumu ya asili haukuwa umepewa habari ya sumu nyingine, isiyoonekana wala kunuka. Hapo ndipo elimu ya kijiji na elimu ya maabara zinapohitajiana, na kila moja ina la kumfundisha mwenzake.

Msitu wa Norumedzo

Sasa nafika kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Kusini mashariki mwa Zimbabwe, katika wilaya ya Bikita, mkoa wa Masvingo, kuna eneo la Norumedzo, na ndani yake kuna msitu uitwao Jiri. Nje ya mpaka wa Jiri miti imepungua, kama ilivyopungua mahali pengi, kwa mashamba na kuni. Ndani yake miti imesimama. Serikali haikuuzungushia uzio. Msitu ule umelindwa na harurwa.

Kila mwaka harurwa huja kukusanyika katika miti ya Jiri, na watu wa Norumedzo wanajua kwamba bila miti hiyo hawatakuja. Basi wamejiwekea sheria. Mti haukatwi. Moto hauwashwi. Uvunaji una msimu wake, na hauanzi mpaka wakuu wa jamii watoe ruhusa. Wapo walinzi wanaouzungukia msitu, na avunjaye sheria hutozwa. Wazee husimulia kwamba harurwa ni zawadi iliyotoka kwa mzee wao wa kale Nemeso, aliyezaliwa na macho manne, mawili mbele na mawili nyuma. Simulizi hiyo ni yao na imani hiyo ni yao. Ninachokiona mimi ni kwamba imewafanya wauone msitu kuwa amana, na amana hailiwi ikaisha.

Faida nayo inaonekana kwa macho. Harurwa wa Zimbabwe huuzwa kwa vikombe sokoni, na wengine huvuka mpaka hadi masoko ya Thohoyandou, kwa Wavenda. Mama anayeuza harurwa hulipa karo na hununua unga kutokana na tawi ambalo hakulikata. Hesabu hiyo kila mtu kijijini anaijua, na ndiyo inayolishika shoka mkono.

Kunguni wa mnazi na maji moto

Turudi kwetu. Pwani yetu ina mdudu wa jamaa ya kunguni aliyetuletea hasara miaka mingi, wengi wasijue. Wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Yeye haliwi, yeye ndiye anayetula. Hudunga mdomo wake kwenye kidaka cha nazi na kutia mate yenye sumu. Kidaka hulia utomvu, hunyauka, huanguka. Wachache tu katika mnazi mmoja watosha kuangusha vidaka vingi, na kile kinachosalimika mpaka kufika kitale, dafu na nazi hubaki na makovu kwenye kumbi. Mwenye shamba huokota vidaka chini, akalilaumu jua au jicho la mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Michael Way, mtafiti Mwingereza, aliufuatilia ugonjwa huu Zanzibar akamgundua mhalifu, na jina la mdudu limetokana na lake. Alimgundua pia mlinzi. Mlinzi huyo mnamjua nyote: maji moto, wale sisimizi wekundu wa miembeni. Hushona majani mabichi kwa uzi wanaotoa watoto wao wachanga: mmoja huvuta jani, mwingine humshika mtoto mdomoni na kumpitisha huku na huku mpaka kiota kikafungika. Mnazi wenye maji moto wengi kunguni hukaa mbali nao, na vidaka hukomaa. Adui wa maji moto ni sisimizi wadogo wa ardhini, ambao huwafukuza mitini; wakishinda hao, kunguni hurudi.

Sasa fikirini tunavyofanya. Mkwezi huumwa, hukasirika, hukichoma kiota kwa kumbi linalowaka. Mwenye shamba hupulizia dawa, akiua mlinzi na mwizi kwa mkupuo mmoja. Kisha hufyeka miembe, michungwa na mikarafuu iliyo katikati ya minazi, miti ambayo maji moto huipenda, akidhani anausaidia mnazi upate nafasi. Huyu hakuwa mvivu wala mjinga wa kilimo. Alikosa tu kumjua mdudu mmoja. Kutomjua kwake kunaonekana sokoni kila siku, kwa bei ya nazi tunayoilalamikia.

Vipepeo wa Gede

Ushahidi mwingine uko safari fupi kaskazini mwetu. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ulitazamwa kwa miaka mingi na wakulima wa pembezoni kama ardhi waliyonyimwa. Ndovu walitoka humo wakala mahindi, na watu hawakuruhusiwa kuingia. Wengi walitamani ufyekwe.

Mwaka 1993 Mradi wa Kipepeo ulianzishwa Gede. Wakulima walifundishwa kupata vipepeo wazazi kutoka msituni, kuwalisha viwavi majani ya miti ya humo humo, na kuuza vifukofuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, vikasafirishwa hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Ili kumlisha kiwavi ilibidi mkulima ajue kila kipepeo anakula jani la mti gani. Aliyeujua mti huo kwa jina, akapata ada ya shule kutokana nao, hakutaka tena kuuona chini. Haya yamefanyika Kilifi, kwa Wagiriama na majirani zao, ambao wazee wao walikwisha kuzilinda kaya kwa karne nyingi kwa sheria kama zile za Jiri: mti haukatwi, na mzee ndiye mwenye idhini. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda katika urithi wa dunia. Dunia ilichelewa; wazee walikuwa wamekwisha kujua.

Nyuki na mikoko yetu

Na kisiwa hiki je? Tazameni dari za nyumba kongwe za Ndia Kuu na Kibokoni. Zimebebwa na boriti za mikoko. Mji huu ulijengwa kwa mti wa mikoko, na leo mikoko iliyotuzunguka inadhoofika. Katika hori ya Tudor imekatwa kwa nguzo na kuni, na maji taka ya mji huingia humo. Katika hori ya Mwache, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi likaifunika mizizi, na eneo kubwa la mikoko likafa. Pasipo mikoko kamba hawana pa kulelewa, kaa hawana pa kuchimba, na mvuvi wa hori hana pa kwenda.

Tunaye mdudu wa kutusaidia, na huyu hana mjadala wa halali na haramu. Sura nzima ya Kurani ina jina lake. Mikoko ikichanua, nyuki huifuata, na vikundi vya pwani vimekwisha kuanza kutundika mizinga ndani ya mikoko. Mzinga mmoja hufanya kazi mbili: unatoa asali, na unamfanya mwenye panga afikiri mara mbili kabla ya kuingia. Nyuki ndio harurwa wetu. Kilichobaki ni sheria za Jiri.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayatoa kwa kila mmoja hapa.

La kwanza ni kwa walimu wa shule na wa madrasa. Mfundisheni mtoto amjue mdudu kwa jina na kwa kazi yake: maji moto analinda nini, kunguni wa mnazi anaharibu nini, nyuki wa mikoko anatoka saa ngapi. Masomo hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji mwembe mmoja uani.

La pili ni kwa wenye mashamba, bara na visiwani. Kabla hujachoma kiota au kupulizia dawa, uliza ni nani anayeishi humo na anakula nani. Waulizeni maafisa wa kilimo, na muwaulize pia wakwezi wazee, ambao wamekaa na maji moto umri wao wote.

La tatu ni kwa wavuvi, wafuga nyuki, wakata nguzo na kina mama wanaookota kuni Tudor, Mikindani na Mwache. Sheria ya watu wa Norumedzo ina nguvu kwa sababu waliitunga wenyewe, kwa kitu wanachokila na kukiuza. Kaeni pamoja mtunge yenu: sehemu gani isiguswe, nguzo zikatwe mwezi gani, mizinga itundikwe wapi, na atakayevunja atozwe nini. Wenye ofisi waje kuithibitisha baada ya nyinyi kukubaliana. Mkutano wa kwanza ufanyike kabla ya msimu ujao wa maua ya mikoko, nami nitakuja kukaa nanyi mkiniita.